Wanyama kwenye picha za Frida Kahlo, yule mchoraji wa Mexico, wana maana gani?

Wadau, nimeona picha ya Frida ana mwili wa kulungu kachomwa mishale 9, ni urembo tu au kuna kitu?

> Hiyo ni ya 1946 mkuu, mwaka huohuo alipasuliwa uti wa mgongo, maana tangu ile ajali ya basi 1925 maumivu hayakumwacha. Na kulungu alimfuga kweli, jina lake Granizo

> Mi huwa naangalia wale tumbili, wengi wanasema ndo watoto aliowakosa

> Nenda kaone ya 1940, kindege kafa kaning'inia shingoni kwenye mkufu wa miiba. Huko Mexico hicho kindege ni dawa ya mapenzi, na Frida ndo katoka kuachana na mumewe Diego. Limbwata limekufa hilo 😂

> Duh, asanteni