Tupeane uzoefu: riwaya za mapenzi ya jinsia moja na za majoka, ulizisomea wapi?

MlinziShela
Jamani, tangu Jumatatu sijavuka kwenda mjini. Kusi linavuma, nyumba ninayoilinda huku Shela haina mgeni hata mmoja, kazi ni kufungua madirisha na kufukuza paka. Wageni wakiondoka huacha vitu vitatu: mafuta ya jua, ndara na vitabu. Rafuni nimekuta vitano, naona vya mtu mmoja, maana vyote ni wanaume wawili wanapendana, au wanawake wawili, na majoka au miungu katikati. Nimemaliza vinne kwa siku sita. Cha Achilles na Patroclus, mashujaa wa Kigiriki wa kale, The Song of Achilles, kimeniliza mpaka nikamwagilia ndara badala ya maua. Msianze kuniuliza maswali. Nataka kujua tu nyinyi wa Lamu na Malindi mlisoma wapi, maana mji huu ukikohoa Mkomani, Langoni wanakuletea tangawizi.

Langoni_11
Chooni. Nyumba ya watu kumi na mmoja, wapi tena?

BintiMalindi
Chooni, naunga mkono. Mpaka miguu ikafa ganzi.

MzeeMokowe
Mmekosa vya kusoma? Mwana Kupona alimwandikia binti yake utenzi mzima mwaka 1858, mmeumaliza? Mnaleta uchafu wa Wazungu hapa. Na sheria ya nchi mnaijua.

Wakili_Nusu
Mzee shikamoo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni cha tendo lenyewe, kifungo miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, hapo una haki. Lakini kugeuza kurasa hakukutajwa.

MzeeMokowe
Marahaba. Na ile filamu ya Rafiki, ya wasichana wawili wanaopendana, mbona ilipigwa marufuku?

BintiMalindi
Na mahakama ikairuhusu siku 7, Septemba 2018. Nilikuwa Nairobi, niliiona. Na usiseme vya Wazungu, imetokana na hadithi fupi ya Mganda, Monica Arac de Nyeko, iliyopata Tuzo ya Caine 2007.

MzeeMokowe
Siku 7. Hongera.

MjukuuWaBhajia
Mlinzi umenikumbusha jambo nililodhani nimelizika. Kaeni.

Bibi yangu anauza bhajia na viazi karai pale ufukoni kila alasiri. Mimi nilikuwa nimenunua riwaya ya mitumba Mombasa, askari wawili wa ufalme fulani wa kubuni, wanachukiana kurasa mia kisha hawachukiani tena. Nikabandua jalada, nikaandika HISABATI juu kwa kalamu nene, nikaitia darini kwenye sanduku la madaftari yangu ya shule. Nani atafungua hisabati?

Bibi. Gazeti lilikuwa limemwishia.

Alhamisi natoka Mokowe, boti inafunga gatini, namwona kijana wa mizigo anakula bhajia, anatafuna polepole, macho kwenye karatasi. Nikaona maandishi. Nikaona mpaka mstari niliopigia kalamu! Akaniambia, "We, Hisabati yenu ina busu?" Nikapita mbio. Mbele, mwalimu mstaafu ana ukurasa. Kina mama wawili kibarazani wana ukurasa. Nafika kwa bibi, kimebaki kama kitumbua kilichoumwa, na yeye ananiambia, "Ndoo mwanangu, karatasi hii nzuri, hainywi mafuta."

Hayo si kitu. Baba yangu hawezi kula kitu cha kufungwa kabla hajasoma kilichofungiwa. Ni tabia yake tangu tuko wadogo, bei za ng'ombe za mwaka juzi anatusomea kwa sauti. Maghrib ikaisha, akarudi na bhajia za mamake, akavaa miwani. Nikamwambia baba, zitapoa. Akaanza. Askari mmoja anamsafisha mwenzake jeraha hemani, taa ndogo, mvua nje. Baba anasoma vizuri, alifundisha Kiingereza. Sauti ikawa inapungua, inapungua, mama akaacha kumimina chai. Akamalizia kwa macho. Akaugeuza, upande wa pili nao akausoma wote. Kisha akakunja mara nne, akatia mfuko wa kanzu.

"Zimepoa," akasema. Akala.

Huu mwaka wa tatu hajaniuliza neno. Na mama anayefua kanzu anasema hakukuta karatasi.

Langoni_11
Aliitia wapi???

BintiMalindi
Sahau hilo, askari waliishaje?

MjukuuWaBhajia
Sijui. Nusu ya pili iliuzwa Jumatano. Jina la kitabu nalo lilikuwa kwenye jalada.

NahodhaMstaafu
Bibi bado anauza? Nifungie za hamsini na sura ya kumi.

MzeeMokowe
Bhajia za pale zilikuwa nzuri zamani. Siku hizi bizari imepungua.

MjukuuWaBhajia
Mzee, bibi yangu usimguse.

Siti_wa_Mkomani
Tena kufungia chakula karatasi ya wino si afya. Turudi kwenye mada. Wanaosema majoka na miungu ni ya kigeni, Liyongo je? Hachomeki kwa mkuki wala mshale, ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Akafa amepiga goti kisimani upinde mkononi, mji ukakosa maji kwa kumwogopa maiti. Achilles udhaifu wake kisigino, Liyongo kitovu.

Wakili_Nusu
Kisigino hakimo kwa Homer, yule malenga wa Kigiriki, ni cha waliokuja baadaye. Na kuwa wapenzi na Patroclus pia Homer hakutamka, Aeschylus, mwandishi wa tamthilia wa baadaye, ndiye aliyewaweka hivyo.

Siti_wa_Mkomani
Nilijua utakuja.

Langoni_11
Lakini Liyongo hakuwa shoga.

Siti_wa_Mkomani
Alikuwa na mashoga mamake, kama mamako alivyo nao. Neno la kina mama kuitana mmelichukua mkalifanya tusi. Juzi nimemwita jirani yangu shoga mbele ya mgeni wa bara, chai ikampalia.

NahodhaMstaafu
Ushauri wangu: someni kwenye simu, punguza mwanga.

BintiMalindi
Simu ndiyo mbaya zaidi, watoto wanaijua namba ya siri. Nunua kitabu, kivishe jalada la mapishi.

Langoni_11
Mapishi mama ataazima. Kivishe katiba.

MlinziShela
Kilichobaki ni The Priory of the Orange Tree, kurasa zaidi ya 800. Malkia anatakiwa azae binti kwa sababu watu wake wanaamini ukoo wake ndio unaomfunga joka, na moyo wake uko kwa mwanamke anayemlinda. Nimefika katikati, msiniambie. Vile vinne nani anataka? Mwenye nyumba hajui idadi. Navileta uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, Ijumaa baada ya alasiri.

Langoni_11
Mimi. Viwili tu, choo chetu kidogo.

MjukuuWaBhajia
Zunguka nyuma ya Ngome. Usipite kwa bibi.