Kikundi cha familia: Mlimau usipulizwe

Shangazi Rehema: Jamani amkeni. Mtu yeyote ASIPULIZE DAWA kwenye mlimau. Nimetoka pale saa hizi, chini ya majani machanga vidukari kibao na sisimizi wanawapapasa mgongoni mpaka kidukari anatoa tone tamu, sisimizi analiramba anaenda zake. Afu kuna mavi ya ndege juu ya jani, nataka kuyafuta yakatembea! Kumbe kiwavi wa kipepeo, nilivyomgusa akachomoza vipembe viwili vya rangi ya chungwa, harufu yake kali

Shangazi Rehema: Jumamosi saa mbili usiku tukutane bustanini na tochi. Nani anakuja?

Shangazi Rehema: Naona mmesoma wote

Juma: nakuja kama buibui haji

Neema: 😂😂 aliyerukia dirishani nani vile

Juma: alikuwa na miguu kumi yule

Neema: Nane. Mingine miwili yako ilikuwa inakimbia

Shangazi Rehema: Turudi kwenye mlimau!!

Ba'mdogo Salim: Majani yashajikunja mnaleta hadithi. Pampu iko tayari

Shangazi Rehema: Kama ulivyoufanyia mrehani? Tulikwambia subiri, ukapuliza umechanua na nyuki wako juu

Ba'mdogo Salim: Mrehani tena? Yale si yaliisha

Mama Neema: Hayajaisha

Shangazi Rehema: Vile vidudu vyeusi virefu vyenye madoa ya njano ni watoto wa yule mdudu mwekundu wa madoa meusi, wanakula vidukari kutwa nzima, ukipuliza unawaua walinzi wetu. Tuwazuie sisimizi tu wasipande maana ndio wanaowafukuza, tufunge kitambaa shinani tupake grisi juu yake

Babu: Mlimau huo aliupanda marehemu mama yenu. Salim pampu iletwe kwangu.

Ba'mdogo Salim: Sawa baba

Shangazi Rehema: Asante baba. Haya tochi nani, grisi nani?

Neema: tochi ninayo betri sina

Juma: shangazi kwani lazima usiku

Shangazi Rehema: Yule buibui mkubwa wa pale ukutani giza likiingia anaula utando wake wa zamani anasuka mwingine, mchana utamkuta ametulia tu. Njoo Juma hana shida na wewe

Juma: ntaangalia

Ba'mdogo Salim: Jumamosi sipo. Pampu nitaileta Jumapili

Shangazi Rehema: Salim baba kasema iletwe, leta leo. Na grisi hamjanijibu