Mjadala: Shabiki anayesafiri kushangilia nje ya nchi adhaminiwe na tawi lake?

Mleta mada, Magomeni

Wadau, hoja hii tumeibishania kijiweni kwetu wiki nzima na hakuna aliyekubali kushindwa. Shabiki anayetaka kusafiri kwenda kuangalia mechi ya nje, je, adhaminiwe kwanza na tawi lake la mashabiki, jina kwa jina, na akiharibu tawi lijibu? Mimi nasema ndiyo. Tena nasema utaratibu huo usiishie mpakani, tuurudishe mpaka kwa Mkapa, uwanja wetu wa hapa Dar.

Nieleze nilichokiona kwa macho. Septemba 2023 Yanga tulicheza na Al Merrikh ya Sudan kule Kigali, maana Wasudani kwao vita. Tukashinda 2-0 Uwanja wa Pelé. Wakati huohuo watani wetu Simba walikuwa Ndola, Zambia, kwa Power Dynamos, wakatoka 2-2. Sisi tulikwenda kwa basi, zaidi ya kilomita 1,400. Zamani kuifuata timu nje ilikuwa kazi ya viongozi na wenye nazo. Siku hizi muuza mitumba wa Karume anapeleka elfu tano tano kwa mweka hazina mpaka nauli inatimia. Ndiyo maana naona suala hili ni kubwa kuliko tunavyolichukulia: tunaosafiri sasa ni sisi wenyewe.

Katibu wa tawi letu ni mama wa makamo, wote tunamwita Shangazi. Toka Jangwani, makao ya klabu, alikuwa na daftari mapajani. Jina lako, simu yako, namba ya hati ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano ipo au haipo, na mtu wa kupigiwa nyumbani ukipatwa na jambo. Kila basi liliposimama alisoma majina yote, hata saa nane usiku, na usipoitika basi haliondoki.

Tulipokaribia Rusumo akapita katikati ya viti na kiroba, akikusanya mifuko ya nailoni, kwa kuwa Rwanda wameipiga marufuku tangu 2008. Kijana mmoja akaficha wake, ndani yake kuna chapati alizofungiwa na mama yake. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, ukikamatwa hapo mbele hawatasema fulani kakamatwa. Watasema Yanga." Kijana akautoa. Chapati akazifunga kwenye jezi ya akiba, na jezi ikanuka mafuta mpaka tunarudi.

Kigali kwenyewe, wawili wetu walitaka kupanda bodaboda mishikaki kama tulivyozoea huku. Dereva akazima pikipiki: abiria mmoja, kofia moja. Jamaa wakageuka kumwangalia Shangazi aliyesimama mlangoni mwa basi, mmoja akashuka bila neno. Na filimbi ya mwisho ilipolia tuliokota chupa zetu jukwaani. Jambo hilo tumekuwa tukiwaona Wajapani wakilifanya kwenye Kombe la Dunia, tukidhani wenzetu wamezaliwa nalo.

Sasa wengine kati ya watu walewale nimewakuta kwa Mkapa wakirusha chupa za maji uwanjani. Nawajua kwa sura, nimekula nao njiani. Mioyo yao ni ileile. Kule jina lake lilikuwa kwa Shangazi, huku amekaa mzunguko, majukwaa ya tiketi za bei ya chini, hajulikani na mtu.

Desemba 15, 2024, Simba na CS Sfaxien ya Tunisia, vurugu zikatokea na viti 256 vikavunjwa. CAF wakaadhibu klabu zote mbili, na Simba wakacheza na CS Constantine Januari 2025 bila mashabiki. Silisemi hili kwa kuwakejeli watani. Sisi tuna Mei 28, 2023, fainali ya kwanza na USM Alger, mtu mmoja akafa kwenye msongamano wa kuingia uwanjani, wengine wakaumia. Ile ilikuwa siku yetu.

Karibuni. Mnaopinga mje na sababu.

Mdau wa Tandika

Mimi Mnyama damu, yaani Simba, na napinga. Mgeni ni kuku mweupe, anaonekana kutoka mbali, kwa hiyo anajichunga. Ndicho ulichokiona Kigali. Hukuona kazi ya daftari, umeona hofu ya ugenini. Mngekaa kule miezi miwili mngeanza kurusha chupa vilevile.

Halafu unataja viti 256. Wale wa Sfaxien waliokuwa kwenye vurugu ile si walisafiri? Wamevuka bara zima kuja Dar, na bila shaka kila mmoja jina lake lilikuwa kwenye orodha ya ndege na kwenye dirisha la uhamiaji. Orodha iliwazuia nini? Nijibu hapo kwanza.

Mdau wa Ubungo

Si tayari tuna N-Card, kadi ya kuingilia uwanjani? Tuanzie na kilichopo.

Mdau wa Mbagala

Mleta mada nakuheshimu, lakini tawi kwako ni Shangazi, kwangu mimi tawi ni mtu aliyekula nauli yangu. Nilitoa pesa kwa kiongozi, nikaomba ruhusa kazini, nikafika asubuhi na begi, nikaambiwa viti vimejaa. Waliokaa kwenye viti vyetu ni shemeji zake na rafiki wa shemeji zake. Nililia, sioni aibu kusema. Pesa ilirudi baada ya miezi, tena nusu.

Leo mnataka mtu huyohuyo awe ndiye anayesema nani asafiri na nani asisafiri. Mimi ni fundi rangi, Jumapili ndiyo siku yangu ya kazi, vikao vya tawi sihudhurii. Je, mapenzi yangu kwa timu ni madogo? Mkishampa mtu kalamu ya kuandika majina, mmempa na duka.

Dada wa Sinza

Mimi nilikwenda Pretoria kwa basi Aprili 2024, mechi ya Sundowns. Ile 0-0, mpira wa Aziz Ki uliokataliwa kuwa goli, penalti 3-2, sitaki kukumbushwa. Siku za kurudi basi zima kimya, tumekatiza Zambia watu wanaangalia nje tu.

Wanaume mnajadili orodha, mimi nitawaambia kinachonihusu. Safari ya siku nyingi na wanaume wanaokunywa tangu Chalinze ni mateso, uwe na jina kwenye daftari au usiwe nalo. Kilichotusaidia ni tulichokubaliana kabla ya kulipa: wanawake viti vya mbele, pombe hakuna mpaka mechi iishe, kuchimba dawa ni kituo cha mafuta chenye choo na si porini. Mmoja alikiuka tukiwa Tunduma, hata mpaka hatujavuka. Tukasimama wote, tukamrudishia salio lake, akapanda gari la kurudi. Aliyemshusha ni sisi abiria, na kiongozi alikuwa anamtetea! Naunga mkono udhamini, ila masharti yasomwe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mzee wa Ilala

Nasoma nanyi, wanangu. AFCON ya 1980 kule Nigeria tuliifuata kwenye redio. Tulisubiri miaka 39 kurudi, tukaenda Misri 2019. Nyinyi mmepata bahati ya kupanda basi na kuifuata timu.

Nina neno moja. Wakongo walikuwa na shabiki wao kule Morocco kwenye AFCON, alisimama wima mechi nzima, mkono juu, kama sanamu ya Lumumba. Dunia ikamtazama. Simjui aliyemdhamini. Ila alikwenda ugenini akiwa amebeba kitu cha nchi yake, kisha akakibeba dakika zote. Sisi Taifa Stars ikicheza nje, nusu ya jukwaa letu inazungumzia Simba na Yanga. Hata hapa nyumbani mtu anaamka alfajiri kwenda uwanja wa ndege kumpokea mpinzani wa mtani wake, kavaa na jezi yake. Hilo daftari litaandikwa ukurasa gani?

Mleta mada, Magomeni

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kupokea wageni sina jibu, nami nimewahi kwenda.

Tandika, la Watunisia umenipata, nalikubali. Lakini orodha ya uhamiaji haimjui mtu. Afisa anasoma jina, anagonga muhuri, hamkutani tena. Shangazi atanikuta msibani, atanikuta sokoni, mwanangu anasoma na wa kwake. Nilikuwa nazungumzia kujuana, nikaliita daftari. Nilikosea kulipa uzito lile karatasi.

Ubungo, N-Card inaonyesha kadi imeingia. Mtu mmoja ananunulia watano, na mzunguko kila mtu anakaa anapokuta nafasi. Kiti kikivunjika utamuuliza nani?

Mbagala, pole sana kaka. Kwa ulichotendewa siwezi kukuambia uende tena kwa mtu yule. Nabadilisha hoja yangu, wadau mnihesabie hivyo: si lazima tawi. Tufanye kama vikoba, watu kumi wanaojuana wadhaminiane. Mnajaza fomu pamoja, mnakaa pamoja, masharti ya dada wa Sinza yanasomwa mkiwa wote kumi mbele ya meza. Mmoja akivunja kiti, kumi wanachanga, na safari inayofuata kumi wanakaa nyumbani. Fundi rangi asiyefika kikaoni hawezi kukosa watu tisa wanaomjua.

Mdau wa Mbagala

Tisa ninao, hata kesho. Nauli anashika nani?