Chama kinataka kuokoa wasichana wanaoibwa. Wale matajiri wa Hong Kong walianzaje?

MamaSufuria
Hamjambo. Nauza sufuria Kamukunji, na mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha wanawake 18. Mwezi uliopita alfajiri, nikishusha mzigo karibu na steji ya Machakos, nilimkuta binti wa miaka kama 14 amekalia begi lake. "Auntie" aliyemtoa kwao kwa ahadi ya kazi ya nyumba alikuwa ameenda kununua maziwa tangu jana yake jioni. Maziwa gani hayo! Tulipiga 116, ile simu ya kusaidia watoto, akachukuliwa. Sasa wenzangu wanataka tuchange tufungue makao. Nimesomewa habari za Po Leung Kuk, chama cha wafanyabiashara Wachina wa Hong Kong waliookoa wanawake na watoto walioibwa. Nani aliwapa ruhusa? Na walimtambuaje mjomba wa uongo, yule anayekuja kudai msichana ni wake?

MzeeWaJericho
Mama, hawakuanza na nyumba, walianza na barua. Novemba 1878 wafanyabiashara wenye asili ya Dongguan, kule China bara, walimwandikia John Pope Hennessy, gavana Mwingereza wa Hong Kong, wakiomba waungane kuwasaka wateka nyara. Mabinti walikuwa wakidanganywa kazi, kisha wanauzwa madanguroni au wanapakiwa melini kupelekwa ng'ambo. Pesa walichanga wenyewe, wakaajiri wapelelezi. Waliookolewa walilazwa kwenye majengo ya hospitali ya Tung Wah, nayo ya wafanyabiashara vilevile. Sheria ya kukitambua chama chao ilipitishwa 1893, na jengo la Causeway Bay walihamia 1932!

Mjomba wa uongo? Waliulizia kwao msichana. Na mwanamume aliyetaka kuoa mmoja wao alichunguzwa, akaandika hati, akaleta mdhamini mwenye duka. Mwenye duka haweki jina lake ovyo, hilo unalijua kuliko mimi.

NyotaRoysambu
Msiwavishe kilemba cha ukoka. Nyumba za matajiri huko zilikuwa na mui tsai, vitoto vya kike vilivyonunuliwa kwa wazazi maskini vifanye kazi za nyumbani. Jaji Mkuu John Smale aliposema huo ni utumwa, vigogo wa Kichina walisimama kuitetea desturi yao. Yaani kumwiba binti ni uovu, kumnunua kwa hati ni sawa. Mama, katika hao 18, wangapi wana msichana wa kazi ambaye angepaswa kuwa darasani?

MamaSufuria
Umenichoma. Ninaowajua ni wawili.

Makao tuyaache kwanza. Usajili wenyewe una milolongo, na hata godauni la sufuria linatushinda kodi. Nafikiria kuweka akiba ya nauli ya kuwarudisha mabinti kwao, na kuongea na yule mama wa chai pale steji, maana yeye huwaona wote wakishuka, na hao ma-auntie anawajua kwa sura. Jumapili tunakutana. Ajenda ya kwanza nimeandika "wasichana walio majumbani mwetu". Niombeeni, mmoja wa hao wawili ni wa mwenyekiti.