Sumu ya hewa Dodoma: kwa nini tusiipime kwa mosi?

Mkazi_Kizota: Wakuu, jirani yetu kuna jamaa wanayeyusha betri chakavu za magari, moshi wake unakaba koo. Nasoma kuwa Ulaya, tangu 1990, kila miaka mitano hivi wanakusanya mosi, ule ukijani laini kama zulia unaoota kwenye mawe yenye unyevu, wanapima risasi, kadimiamu (nayo ni metali yenye sumu) na zebaki. Hauna mizizi ya kunyonya udongo, unaishi kwa mvua na kinachodondoka toka hewani. Mashine ni ghali. Sisi tunashindwa nini?

Tupatupa: Mosi, Dodoma hakipo hicho kitu. Pili, hata nyasi hapa zinaomba kibali kuota. Hili ni jangwa, mkuu.

Mwana_Mpwapwa: Jangwa kwenu! Mmeletwa na ofisi, mnakula zabibu zetu, Ijumaa hao Dar, Jumatatu mnatutukana. Panda Kiboriani uone msitu.

Tupatupa: Kiboriani na Kizota wapi na wapi? Halafu Dar sirudi, nimejenga Nkuhungu.

Mwana_Mpwapwa: Umejenga, hujastaarabika.

Mama_Chapati: Jamani, risasi ya bunduki inapimwaje kwenye majani?

Mkazi_Kizota: Madini, mama. Ile ya kwenye betri.

Fundi_Bomba: Kwangu ukijani upo tele chini ya simtanki linalovuja. Njoni mkwangue bure.

Ticha_Bailojia: Huo hapana, fundi, ukijani wako unakunywa maji ya tanki, si ya mvua. Penye ukame wanatumia vifuko: mosi safi ya kwingine inaoshwa, inatiwa kwenye wavu, inatundikwa wiki kadhaa, kisha maabara. Tatizo letu vumbi la kiangazi, nalo linanasa kwenye mosi. Udongo una chuma na alumini yake. Usipoutoa kwenye hesabu utashitaki upepo. Hata Portland, Marekani, mosi ya 2013 ilionyesha kadimiamu karibu na viwanda vya vioo vya rangi, lakini mashine ndizo zilizothibitisha.

Tupatupa: Si ndiyo nilichosema? Ardhi kame.

Ticha_Bailojia: Ulisema jangwa.

Mwana_Mpwapwa: Mwambie! Mosi ya vifuko itatoka kwetu Mpwapwa. Aombe radhi kwanza, ndipo nilete kiroba.

Tupatupa: Siombi.

Mkazi_Kizota: Wamewasha tena. Nafunga madirisha.