Naomba ushauri: aiskrimu ya matunda isiyo na maziwa kwa ajili ya wageni

Binti Chuda (mwenye uzi)
Habari za leo ndugu wanajukwaa. Jumamosi ijayo nitapokea wageni wapatao kumi hapa nyumbani Tanga, na miongoni mwao yumo mtoto wa wifi yangu ambaye daktari amemkataza maziwa kabisa. Sipendi mtoto awekewe kibakuli chake pembeni huku wenzake wakila kitu kingine, kwa hiyo nimeamua aiskrimu ya siku hiyo iwe moja kwa watu wote, ya embe na tui la nazi. Nina blenda ya kawaida na friji yenye friza juu, ila sina mashine ya aiskrimu. Niliyotengeneza kwa majaribio ilikuwa na ladha nzuri, lakini iliganda ikawa ngumu na ilikuwa na chenga za barafu mdomoni. Nilitumia tui la unga la pakiti, na sukari nikatia kidogo sana kwa kuwa maembe yenyewe yalikuwa matamu. Naomba mnielekeze nirekebishe wapi, na kama kuna tunda linalofaa zaidi niambiwe kabla sijaenda sokoni.

Kibarazani
Dada, kabla hatujafika kwenye ugumu, soma kwanza maandishi yaliyo nyuma ya ile pakiti. Tui la unga la aina nyingi huongezewa kaseini, ambayo ni protini ya maziwa, ili unga uchanganyike vizuri na maji. Mtu ambaye tumbo lake linashindwa tu kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, huenda asisumbuliwe na kiasi hicho, lakini mtoto mwenye mzio wa protini ya maziwa anaweza kutokwa na vipele, kutapika au hata kubanwa pumzi kwa kiasi kidogo mno. Muulize wifi yako ni lipi kati ya hayo mawili, na kwa vyovyote vile tumia nazi ya kukuna. Vilevile, kama blenda hiyo husagia maziwa, fungua visu vyake na uoshe kwa sabuni ule mpira wa chini, maana mabaki hujificha pale hata jagi likionekana safi.

Shamba la Minazi
Naunga mkono nazi ya kukuna, tena kwa sababu nyingine: mafuta ya tui zito ndiyo yanayoleta ule ulaini ambao kwa kawaida huletwa na malai ya maziwa. Upungufu wa pili ulikuwa kwenye sukari. Sukari hapa haitiwi kwa ajili ya utamu peke yake. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0, lakini yakiwa na sukari, sehemu yake hubaki bila kuganda hata ndani ya friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na sehemu hiyo ndiyo inayoruhusu kijiko kupita. Embe ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo hata liwe tamu namna gani, sukari yake haitoshi.

Kwa watu kumi, chukua nazi tatu kubwa, uzikune, ukamue kwa maji ya uvuguvugu machache upate tui zito vikombe viwili. Tui la pili libaki kwa ajili ya wali. Chota robo kikombe cha tui hilo ukorogee konfulawa (wanga laini wa mahindi) vijiko viwili vya chakula. Lililobaki litie sukari robo tatu ya kikombe na chumvi kidogo, ubandike kwenye moto mdogo, umimine konfulawa huku ukikoroga bila kuacha ili tui lisikatike, hadi liwe zito kama uji mwepesi. Epua, lipoe, kisha lilale kwenye friji usiku mzima. Kesho yake saga nyama ya maembe makubwa manne yaliyoiva sawasawa pamoja na maji ya ndimu moja, uchuje nyuzi, uchanganye na tui.

Mimina kwenye chombo kipana kisicho na kina kirefu. Baada ya kama dakika 45 utaona kingo zimeanza kushika ilhali katikati bado ni maji; kwangua kingo hizo na upige mchanganyiko wote kwa uma au mashine ya kupigia mayai, kisha urudie kila nusu saa mpaka uwe mzito. Kazi hii inachosha, lakini bila mashine sijui njia nyingine inayovunja chenga vizuri namna hiyo. Mwisho, laza nailoni safi juu ya aiskrimu yenyewe, igusane nayo, ndipo ufunike.

Mla Matunda
Embe linatosha, ila ongeza juisi ya pasheni iliyochujwa, kwani uchachu wake hupunguza uzito wa nazi. Tikitimaji liache, lina maji mengi mno. Ndizi kisukari zilizoiva hadi kuwa na madoa meusi, zikikatwa, zikagandishwa na kusagwa, hulainika bila hata tui, lakini inafaa zaidi kuliwa papo hapo, na kwa wageni kumi utamaliza jioni nzima jikoni.

Binti Chuda (mwenye uzi)
Nawashukuru sana. Wifi amenithibitishia kwamba ni mzio, na pakiti ile kweli imeandikwa kaseini, kwa hiyo nimeiondoa. Je, umeme ukikatika usiku wa kuamkia Jumamosi nifanyeje?

Shamba la Minazi
Jaza nafasi zilizo wazi kwenye friza kwa chupa za maji yaliyoganda, na usifungue mlango umeme ukiwa umekatika. Ikilegea kidogo tu na bado ni baridi sana, ipige tena na uirudishe. Ikiwa imeyeyuka na kupata uvuguvugu, imwage, kwa kuwa tui huharibika upesi. Siku yenyewe itoe kwenye friza dakika 15 kabla ya kupakua, uiweke sehemu ya chini ya friji, na uchovye kijiko kwenye maji ya moto kila unapochota.