WAJUKUU WA MAKORORA 🌴

Shangazi Mkubwa 19:04
Assalaam alaykum wanafamilia. Nane Nane hiyoo inabisha hodi. Tulishakubaliana mchezo wa watoto mwaka huu ni maisha ya mchekeshaji wetu King Majuto. Nataka majibu LEO: nani ana turubai, nani anacheza Majuto, na elfu kumi kumi kila nyumba.

Shangazi Mkubwa 19:31
Naona tiki za buluu tu. Mnasoma mnapita.

Mama Pacha 19:40
Waalaykum salaam shangazi. Nilikuwa jikoni. Mi nipo

Shangazi Mkubwa 19:40
Upo kwenye turubai au kwenye elfu kumi?

Mama Pacha 19:41
Nipo tu 😂

Dogo Dar 19:46
Majuto acheze Baba Pacha. Kitambi anacho, kanzu anayo, na kununa bila sababu kajaliwa

Baba Pacha 19:47
We mtoto nakuheshimu

Mama Pacha 19:47
😂😂😂 huyu hata mazoezi hahitaji

Shangazi Mkubwa 19:49
Jamani TURUBAI

Dogo Dar 19:52
Shangazi samahani, tusingesogeza iwe Jumamosi? Nane Nane yenyewe naenda kwenye maonyesho ya kilimo

Shangazi Mkubwa 19:53
Mzee wa watu kafariki Nane Nane ya 2018, Muhimbili, ana miaka 70. Sasa wewe unataka kusogeza kifo?

Dogo Dar 19:53
Basi yaishe 🙏🏾

Binamu Kalamu 20:12
Shikamooni. Mchezo nimeshauandika. Unaanza 1958, Majuto bado anaitwa Amri Athumani, mtoto mdogo, anapanda jukwaani. Halafu ukubwani, filamu, yeye na Sharo Milionea, mpaka 2018. Kitanda cha hospitali nimekiacha, watoto wataogopa.

Shangazi Mkubwa 20:15
Marahaba. Sharo toa.

Dogo Dar 20:15
Bila Sharo siji

Shangazi Mkubwa 20:17
Ile ajali ya Muheza ya 2012 iliyomuua Sharo watu hawajaisahau. Ukimweka Sharo, wamama wote wanashika leso na mchezo umekufa hapo hapo.

Binamu Kalamu 20:20
Shangazi, raha yenyewe ndiyo hiyo. Mzee wa msuli na kijana wa kujishaua. Mzee anamkagua kuanzia miwani mpaka viatu, hajasema neno, watu hoi. Nikimtoa Sharo nabaki na mzee anayegombana na ukuta.

Baba Pacha 20:21
Na ukuta ni nani, maana nami nina masharti yangu

Mama Pacha 20:21
Kumbe umeshakubali 😂

Baba Pacha 20:22
Sijakubali

Binamu Kalamu 20:26
Jingine. Naomba elfu thelathini ya uandishi.

Shangazi Mkubwa 20:26
Ya nini tena? Si familia?

Binamu Kalamu 20:31
Kwenye harusi mliniambia hivyo hivyo. MC alilipwa. Mpiga picha alilipwa. Kichekesho changu kikasomwa na mtu mwingine, akatunzwa, na noti nikaziokota mimi kumpelekea.

Mama Pacha 20:33
Haya, yamerudi

Shangazi Mkubwa 20:34
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Dogo Dar 20:34
Shangazi umefuta nini, mi nilikuwa natafuta miwani 😭

Fundi Ngamiani 20:50
Turubai lipo. Lina tundu katikati.

Dogo Dar 20:51
Hapo wanakaa wageni rasmi

Binamu Kalamu 20:58
Mnacheka lakini someni ukurasa wa tano. 2018 mzee yuko hoi kitandani, ndipo Waziri Mwakyembe anaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Watoto wetu watasimama mbele za watu waseme msanii apate jasho lake, na aliyewaandikia hayo maneno kafanya bure?

Fundi Ngamiani 21:02
Hapo sina la kusema

Baba Pacha 21:02
Mimi nami ninayecheza nalipwa ngapi

Shangazi Mkubwa 21:03
WEWE TULIA

Babu 21:37
Nimesoma yote

Mama Pacha 21:37
Shikamoo Babu

Dogo Dar 21:37
Shikamoo Babu

Baba Pacha 21:38
Shikamoo mzee

Babu 21:46
Marahaba. Siku ya kumzika Amri nilikwenda, watu walijaa hata pa kuweka mguu hapana. Wengi wetu pale tulimcheka miaka yote kwa kanda za kuazima na sidii za kukopi, mimi mmojawapo. Huyo kijana apewe haki yake kwanza, turubai baadaye. Na ile ya harusini mnaijua nyote ilikuwaje. Dua itangulie, vicheko vifuate.

Shangazi Mkubwa 22:09
Sawa baba.

Shangazi Mkubwa 22:11
Basi mchango ni elfu kumi na tatu.

Mama Pacha 22:11
Eeh!

Dogo Dar 22:12
Babu katoa fatwa, sisi tunatoa hela

Binamu Kalamu 22:15
Ahsante Babu. Na Sharo?

Mjomba Muheza 23:20
Nimewasha simu sasa hivi. Harusi ya nani?

Shangazi Mkubwa 06:10
Sabalkheri. Kuna mtu karusha elfu tano usiku bila kusema ni nani, ajitaje, na nane iliyobaki aimalizie. Baba Pacha, kanzu ifuliwe. La Sharo sijalijibu.

Baba Pacha 06:58
Sijakubali